Kutoka Vilima vya Chai hadi Majini: Kuliandaa Darasa la Kiptere kwa Ziara ya Mashua Ziwani Victoria

Ziara ya mashua ni safari ya masomo ambamo wanafunzi huingia majini pamoja na walimu wao ili waone, wapime na waandike mambo ambayo kitabuni huyakuta kwa picha na maelezo tu. Kwa shule za Kiptere na sehemu nyingine za Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, maji ya karibu yanayostahili safari kama hiyo ni ya Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchini Kenya hadi Kisumu. Basi likiteremka kutoka Kiptere hadi Sondu, likapita Katito na Ahero, hufika Kisumu kwa mwendo wa takriban saa mbili. Safari ni fupi, lakini mazingira hubadilika mno. Mtoto wa Kiptere hukulia kwenye mteremko, penye majani chai, mahindi na vijito vinavyovukwa kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mtoto wa Dunga hukulia penye mashua, na bila kufundishwa darasani anajua pa kukanyaga anapopanda chombo, upepo upi ni wa kuogopwa, na mlio wa injini inayotaka kuzimika. Mtoto wa vilimani hana maarifa hayo, wala hakuna awezaye kumpa yote asubuhi ya safari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziara ya mashua hufanyika nchi kavu, uwanjani na darasani, kwa muda wa muhula mzima. Shule isiyoweza kupata muda huo yafaa iahirishe safari.

Somo la kwanza ni mto, na mto wenyewe upo karibu. Mto Kipsonoi hukusanya maji ya upande wa Bomet na Sotik, Mto Yurith huleta ya upande wa Kericho, na makutano yao ndiyo mwanzo wa Mto Sondu, unaoitwa pia Miriu unapokaribia ziwa. Chanzo chao ni msitu wa Mau. Mto huo hupita chini ya daraja la Sondu, ambalo kila mtoto aliyewahi kupelekwa sokoni siku ya gulio amelivuka, kisha huporomoka kuelekea uwanda wa Nyakach. Anguko hilo ndilo linaloendesha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu yenye uwezo wa megawati 60, na maji yakishatoka hapo hutumiwa tena katika kituo cha Sang'oro chenye megawati 21. Baada ya hapo mto hutulia, hujipinda kwenye uwanda, na kumwaga maji yake ghubani. Vijito vya Kiptere, kwa njia moja au nyingine, vyote huishia huko huko.

Mwalimu anayeanza na mto huu humwezesha mwanafunzi kuelewa kwamba ziwa halikuanzia Kisumu. Darasa huchora ramani kubwa kwenye karatasi za manila zilizounganishwa, kuanzia Mau hadi Winam, na kuandika kimo cha kila mahali: mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko takriban mita 1,134. Kisha huulizwa ni nini kinachobebwa na maji yanayoteremka kimo hicho chote. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji ulio kando ya uwanja wa shule hutoa jibu, kwa kuwa maji yake huwa mekundu. Udongo huo hubeba mbolea ya shambani, na naitrojeni na fosforasi iliyomo hulisha mwani na gugumaji huko chini. Gugumaji ni mmea wa bonde la Amazon, huko Amerika Kusini, ulioingia Ziwa Victoria kuelekea mwaka 1990 na tangu hapo umekuwa ukifunga mialo ya Kisumu mara kwa mara. Ni vyema haki itendeke hapa: shamba la chai lililofunga vizuri huzuia udongo kuliko shamba la mahindi lililolimwa kufuata mteremko, kwa sababu majani yake huifunika ardhi mwaka mzima. Watoto wakilijua hilo hawataenda ziwani na hukumu tayari vichwani.

Ziwa lenyewe lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na sehemu iliyo ndani ya Kenya ni asilimia 6 tu. Pamoja na ukubwa huo, halina kina kirefu: mahali penye kina kikubwa kabisa hapazidi mita 85 hivi, na Ghuba ya Winam, hasa upande wa Kisumu, ina mita chache tu. Watu wa nyanda za juu huamini kwamba maji ya kina kifupi ni maji salama. Imani hiyo huondolewa mapema. Upepo ukivuma juu ya maji yasiyo na kina huinua mawimbi mafupi yaliyo wima na yanayofuatana kwa karibu, na chombo kidogo hutaabika humo kuliko kwenye mawimbi marefu ya bahari kuu. Tena, mita 4 za maji zinatosha kabisa kumzamisha mtoto wa mita moja na nusu.

Kuhusu upepo, darasa la Kiptere lina faida ambayo haionekani upesi. Mchana jua hupasha moto nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Hewa hiyo yenye unyevu hupanda vilima hivi, hukutana na upepo wa mashariki, na matokeo yake ni zile mvua za alasiri na mvua ya mawe ambayo Kericho inajulikana kwayo duniani kote. Kwa maneno mengine, mkulima anayetazama majani yake yaliyochanika kwa mawe saa kumi jioni anaona mwisho wa upepo ulioanza kuvuma ghubani adhuhuri. Wanafunzi hupewa kazi ya kuandika kwa majuma kadhaa saa ambayo mawingu huanza kujikusanya upande wa ziwa na saa ya mvua. Daftari hilo likijaa, hakuna haja ya mwalimu kuwaeleza kwa nini mashua itang'oa nanga saa tatu asubuhi na kurudi kabla ya saa sita. Wanaijua sababu kwa sababu wameiandika wenyewe. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na dhoruba huwa nyingi juu ya ziwa usiku na alfajiri. Utabiri wa hali ya hewa ya ziwa hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na mwalimu kiongozi huusoma jioni ya kuamkia safari na tena alfajiri, kabla basi halijawashwa.

Msimu nao huchaguliwa kwa makini. Januari na Februari kwa kawaida ni miezi mikavu, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na ndiyo inayofaa zaidi. Tatizo ni pesa. Januari ni mwezi wa karo, sare na vitabu, na mzazi anayetegemea chai ameshaitumia bonasi yake ya mwaka, ambayo kwa kawaida hulipwa miezi michache kabla ya hapo. Shule yenye busara hutangaza safari mapema, mwaka ukiwa haujaisha, na kukusanya mchango kidogo kidogo wakati bonasi ingali mkononi. Mtoto asiyeweza kulipa huwekwa katika hesabu tangu siku ya kwanza, na gharama yake hugawanywa kimyakimya. Ni vibaya mno kufundisha darasa zima habari za ziwa kwa muhula mmoja kisha watoto watano wabaki langoni wakilipungia basi mkono.

Uchaguzi wa mwalo na chombo ni kazi ya watu wazima, na inahitaji safari yake. Mwalimu kiongozi na mjumbe mmoja wa bodi ya shule huenda Kisumu mapema, wakapanda mashua ile ile itakayobeba watoto. Fuo za Nyakach ziko karibu zaidi na Kiptere, lakini mashua nyingi za huko ni za uvuvi. Dunga, kusini kidogo ya mji wa Kisumu, kuna waendeshaji waliozoea wageni, na kando yake kuna kinamasi cha mafunjo ambacho peke yake ni somo. Kila mwalo una kamati yake ya usimamizi wa ufuo, ile iitwayo BMU, iliyowekewa kanuni mwaka 2007. Viongozi wake wanawajua manahodha waangalifu na wazembe, na ni bora kuwauliza wao kuliko kumwuliza kijana anayewakimbilia wageni getini. Ukaguzi na uandikishaji wa vyombo ni jukumu la Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na tangu mwaka 2018 kuna pia Walinzi wa Pwani, ambao kazi yao inahusu maziwa na mito pia, si bahari peke yake. Mwalimu ana haki ya kuonyeshwa cheti cha chombo na leseni ya nahodha. Nahodha anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kujibu.

Katika ukaguzi huo mambo ya kutazamwa ni machache lakini hayasamehewi: idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo, injini ya akiba au angalau makasia yanayotosha, kamba ndefu isiyooza, chombo cha kukumbia maji, kizima moto, simu yenye chaji katika mfuko usioingia maji, na jaketi za kuokoa maisha.

Jaketi ndizo zinazotaka maneno mengi, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi hudanganyika. Mwenye mashua akiulizwa kama ana jaketi hujibu kwamba anazo, naye anasema kweli, lakini ni za watu wazima. Jaketi la mtu mzima likivaliwa na mtoto wa kilo 30, mtoto akianguka majini jaketi huelea na yeye huteleza chini yake. Jaketi hupimwa kwa uzito wa mvaaji, nao umeandikwa upande wa ndani. Shule hupima kila mwanafunzi kwa mizani ya zahanati, huandika orodha, na kuipeleka kwa mwenye mashua ikiwa na idadi ya kila saizi. Saizi ndogo zikikosekana, huazimwa au hukodishwa kwingine kabla ya siku yenyewe. Zisipopatikana kabisa, darasa linakwenda Kisumu kuona makumbusho na ufuo, na mashua inaachwa. Hakuna nusu ya uamuzi huo.

Jaketi moja au mawili huletwa shuleni majuma mawili kabla. Kila mtoto hulivaa, hufunga mikanda yote ukiwemo ule wa kupita kati ya mapaja, kisha huinua mikono juu. Mwenzake hushika mabega ya jaketi na kuyavuta kwa nguvu kuelekea juu. Jaketi likipanda hadi masikioni au likaficha mdomo, ni kubwa mno. Likikaa pale pale, linafaa. Zoezi hili huchukua dakika mbili kwa mtoto, na watoto hulifurahia. Faida yake kubwa ni kwamba asubuhi ya safari hakuna vidole vinavyotetemeka kutafuta kifungo. Kanuni huwekwa wazi: jaketi huvaliwa ufuoni kabla mguu haujagusa mashua, na halivuliwi mpaka mtu wa mwisho awe amesimama kwenye ardhi.

Orodha ile ile ya uzito hutumika katika hisabati. Watoto wa wakulima wa chai wanaijua mizani tangu wakiwa wadogo, kwa sababu riziki ya nyumbani huandikwa kilo kwa kilo kwenye kituo cha kununulia majani. Wanafunzi 20 wenye wastani wa kilo 38 ni kilo 760. Watu wazima wanne wa kilo 70 ni 280. Nahodha na msaidizi wake ni 140. Jumla kilo 1,180 kabla ya mikoba na maji ya kunywa. Nahodha huulizwa kama chombo chake kinabeba uzito huo kwa raha. Darasa la watoto 40 basi litakwenda kwa mafungu mawili, moja majini na lingine kwenye mafunjo, kisha yabadilishane. Mwalimu anayejaribiwa kuwapakia wote mara moja ili kuokoa pesa ya mafuta akumbuke MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi na kuua mamia ya watu. Akumbuke pia MV Nyerere, kivuko kilichojengwa kwa abiria 101, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa mita chache kutoka nchi kavu.

Ajali za safari za shule hasa zina mafunzo yao. Tarehe 22 Machi 1993 kundi la wanafunzi lilitoka kwa makasia katika Ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, na vijana wanne wakafa. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu, hivyo ukawasukuma mbali zaidi na ufuo. Wakufunzi hawakuwa na ujuzi wa kutosha. Na kundi lilipokosa kufika kwa wakati, msaada ulichelewa kuitwa. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kusimamia vituo vya safari za vijana mwaka 1995 kwa sababu ya ajali hiyo. Huko Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, meli ya Sewol ilipinduka ikiwa na wanafunzi wa sekondari waliokuwa ziarani. Watu zaidi ya 300 walikufa, wengi wao wanafunzi hao, na wengi walikuwa wametulia vyumbani kwa kutii tangazo lililowaambia wasisogee. Kiptere haina meli wala bahari, lakini mambo mawili yanahamishika moja kwa moja. La kwanza ni saa ya kurudi: huandikwa na kuachwa kwa mwalimu aliyebaki ufuoni, kwa BMU na kwa mwalimu mkuu shuleni, pamoja na maelekezo ya nani apigiwe simu na dakika ngapi zikipita. La pili ni kwamba utii peke yake haumlindi mtoto. Anahitaji kujua mapema afanye nini na kwa nini, ili amri ya mtu aliyebabaika isiwe ndiyo maarifa yake yote.

Kwa sababu hiyo mashua huchorwa uwanjani. Walimu hupima urefu na upana wa mashua waliyoikagua, mita 10 kwa 2 kwa mfano, na kuchora umbo lake kwa majivu au chokaa. Mabenchi ya darasani hupangwa ndani yake kama yalivyopangwa kule. Sehemu ya kupandia huwekwa alama. Kisha watoto hujifunza kupanda mmoja mmoja, kukanyaga katikati na si ukingoni, kupokewa mkono, kuketi kabla mwingine hajapanda, na kujaza pande zote mbili kwa zamu. Mara ya kwanza huwa vurugu. Mara ya nne hufanyika bila mwalimu kusema neno. Kila mtoto ana namba yake, na huhesabiwa kwa kuitaja mwenyewe kwa sauti: kabla ya kupanda, baada ya kuketi, na baada ya kushuka. Kila mtu mzima huwa na watoto watano wake, wale wale tangu Kiptere hadi Kiptere.

Jambo linalosisitizwa zaidi ya yote uwanjani ni kutosimama. Mtoto mmoja akiona kiboko upande wa kushoto, wote hutaka kukimbilia kushoto, na hapo ndipo chombo hupinduka. Hufanyiwa mazoezi: mwalimu hupiga kelele kwamba kuna kiboko, na darasa hugeuza shingo tu. Viboko wapo kweli sehemu za Dunga, hasa asubuhi mapema na jioni, na nahodha mzuri huwaonyesha akiwa mbali nao.

Zoezi la mtu aliyeanguka majini lina kazi tatu. Wa kwanza aliyeona hupiga kelele, „Mtu majini!” Wa pili humnyoshea kidole aliyeanguka na haushushi mkono wala kuondoa macho hadi aokolewe, maana kichwa kidogo hupotea upesi katikati ya mawimbi. Wa tatu hurusha mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kamba. Wengine wote huketi. Hakuna anayejirusha majini, hata awe hodari wa kuogelea. Mtungi huo ni somo la sayansi pia: uliofungwa vizuri na kuzamishwa wote katika pipa la maji, husukumwa juu kwa nguvu karibu sawa na uzito wa kilo 20, huku mtu akihitaji kilo chache tu za msaada ili kichwa chake kibaki juu. Watoto huamriwa waubonyeze pipani kwa mikono. Wakishindwa kuuzamisha, wanauamini. Kwa aliyeanguka mwenyewe, agizo ni kulala chali, kukunja magoti kifuani na kusubiri. Maji ya Winam yana joto, hivyo baridi si adui mkubwa pale. Adui ni kuhangaika na kumeza maji.

Shughuli za masomo zenyewe ziwe chache. Karatasi ya maswali 30 hufanya mtoto atazame karatasi badala ya ziwa. Kazi moja kwa kila watoto wawili inatosha: joto la maji, idadi ya mashua na aina zake, ndege, gugumaji lilipo na upepo unakolisukuma, na uangavu wa maji. Hii ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote, na kifaa chake hutengenezwa shuleni. Padri na mwanaanga wa Italia, Angelo Secchi, alikitumia mwaka 1865, na wanasayansi wa maziwa bado wanakitumia. Mfuniko wa debe wenye kipenyo cha sentimita 20 hugawanywa robo nne na kupakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa kupokezana. Jiwe hufungwa chini yake, na kamba ya katani hupitishwa katikati, ikiwa na fundo kila sentimita 10. Mashua ikisimama na injini kuzimwa, kisahani huteremshwa upande wenye kivuli hadi kitoweke machoni, fundo huhesabiwa. Huvutwa taratibu hadi kionekane tena. Fundo huhesabiwa tena. Wastani wa vipimo hivyo viwili ndio uangavu wa maji. Karibu na Kisumu kisahani mara nyingi hupotea kabla ya kufika mita moja. Vipimo vitatu, kimoja karibu na mafunjo, kingine mbele ya mwalo na cha tatu katikati ya ghuba, vikilinganishwa na tangi la maji ya mvua la shule, vitazungumza kuhusu udongo wa vilimani kuliko hotuba yoyote. Majibu huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hutiririka, na daftari hukaa ndani ya mfuko wa plastiki.

Mafunjo ya Dunga huchuja matope kabla hayajaingia ziwani, hulea samaki wachanga, na humhifadhi gonoleki wa mafunjo, ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye maskani yake ni mafunjo ya ukanda huu. Ni ndege wa kusikika kuliko kuonekana, kwa hiyo fungu linalobaki ufuoni hupewa kazi ya kukaa kimya dakika kumi. Njiani, basi likiingia Kisumu, Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980 yana matangi ya samaki wa ziwa. Ni vizuri kupita hapo kabla ya mwalo ikiwa muda unaruhusu, ili watoto wamjue ngege na sangara kwa sura. Sangara aliletwa ziwani katikati ya karne ya 20 na akala jamii nyingi za samaki wadogo wa asili. Omena, anayeuzwa kwa kopo Sondu, alisalimika.

Watoto pia huandaliwa kukutana na watu. Mpaka wa Sondu umeshuhudia machafuko kati ya majirani zaidi ya mara moja, na wapo watoto wa Kiptere ambao habari walizosikia juu ya watu wa uwandani ni za mambo hayo tu. Kujifunza kusema, kwa lugha ya watu hao, „oyawore” asubuhi na „erokamano” wakati wa kushukuru, na kuandaa maswali mawili ya heshima kwa Kiswahili ya kumwuliza mzee mvuvi, ni sehemu ya maandalizi yenye uzito sawa na jaketi. Swali moja zuri ni hili: mto unapofurika, nyavu zake hupata nini? Mvuvi akijibu, atakuwa anawaeleza habari za mashamba ya kwao.

Wazazi huitwa mkutanoni, nao huonyeshwa mashua iliyochorwa na watoto wakipanda. Hofu ya mzazi wa nyanda za juu juu ya ziwa ni ya haki, na haitulizwi kwa barua ya kutia sahihi. Fomu ya ruhusa huja baada ya maonyesho hayo, ikitaja pumu, kifafa, mzio na dawa anazotumia mtoto. Mtoto mwenye kifafa si lazima abaki nyumbani, ila daktari wake aulizwe na mtu mzima akae ubavuni pake. Kibali cha afisi ya elimu huombwa mapema, na ratiba hupangwa ili basi liwe limerudi Kiptere kabla ya giza, maana safari za wanafunzi za usiku zimekatazwa.

Kisumu kuna joto kuliko vilimani. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, na chakula chepesi kabla ya mashua ndivyo vinavyotakiwa. Sweta livaliwe chini ya jaketi, kwani upepo wa mwendo hupenya. Kichocho kipo ziwani, kikisambazwa na konokono wa maji ya kando, hivyo hakuna kutembea majini wala kuogelea ufuoni. Kupanda kufanyike kwenye gati. Aliyelowa kwa muda mrefu huandikwa jina, ili mzazi aelezwe na zahanati iulizwe kuhusu uchunguzi baada ya majuma kadhaa. Malaria pia ni nyingi zaidi kandokando ya ziwa kuliko Kiptere, na mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari apimwe, na mhudumu aambiwe alikuwa Kisumu.

Uamuzi wa mwisho hufanyika mwaloni. Mtu mmoja, mwalimu kiongozi, ana mamlaka ya kuahirisha, na nahodha anayo pia. Mmoja wao akikataa, imekwisha. Ili uamuzi huo usiwe mzito, mpango wa pili huwa umeandaliwa kikamilifu na watoto wanaujua: mafunjo, makumbusho, mahojiano na wavuvi, kisahani kikiteremshwa kutoka gatini. Mpango wa pili ukiwa dhaifu, mwalimu hushawishika kuingia majini upepo ukiwa umeanza.

Juma linalofuata darasa hujaza ramani ile ya manila kwa vipimo vilivyoletwa, na kila fungu husoma yake mbele ya wenzake. Nakala ya kila kitu hutiwa katika faili moja: orodha ya uzito, vipimo vya mashua, namba ya simu ya BMU, gharama, daftari la mawingu, vipimo vya kisahani na tarehe yake, na yale yaliyokwenda kombo. Faili hilo hukabidhiwa mwalimu wa darasa litakalofuata mwishoni mwa mwaka, pamoja na kisahani chenyewe, ili vipimo vya mwaka ujao vichukuliwe mahali pale pale na kwa kamba ile ile.